Mpaka Brasi Ilie

Mama Adhis aliposikia sauti yangu mlangoni, hakuuliza habari za watoto wala za kazi. Aliuliza, "Ile stenlesi bado uko nayo?" Nilicheka mpaka bintiye akanisogezea kigoda nisije nikaanguka. Hatujaonana miaka na miaka, tangu arudi kwao Siaya. Sasa ameletwa Nairobi kuangaliwa macho, amefikia kwa bintiye hapa mtaa wa Lindi, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la maua, na jambo la kwanza linalomtoka mdomoni ni kipande cha chuma kisichozidi kidole gumba. Nikamwambia ninayo, iko kwenye kopo la misumari pale karakana kwangu, na ukiitazama utadhani imetoka dukani jana. "Haiwezi kuisha hiyo," akasema. Sikumwambia kwamba ndani ya mkoba wangu, chini ya mkate na maziwa niliyomletea, kulikuwa na nyingine, mpya, ingali kwenye plastiki yake, niliyoinunua asubuhi hiyo hiyo. Nilikunywa chai yake nikiwa nimeukumbatia mkoba mapajani, na mawazo yakanirudisha Kawangware, kwenye mwaka ule aliponifunza kazi na nusura aninyime.

Karakana ilikuwa kwenye ploti ya Mzee Gathogo, mwenyeji wa Kawangware ambaye baba yake alikuwa amelima mahindi pale pale tulipokuwa tukitengeneza vitanda. Ukiingia langoni, kushoto alikuwa Barasa wa pancha, Mbukusu kama mimi, mtu wa mzaha ambaye hakuweza kujaza gurudumu upepo bila kulisimulia maisha yake. Ndani zaidi walikuwa maseremala, na mwisho kabisa, chini ya turubai, alikuwa Mama Adhis na bunduki yake ya kupulizia vanishi. Kompresa ilikuwa moja tu, ya Mzee, imefungiwa kwenye kibanda cha mabati katikati, na bomba lake lilizunguka ukuta likiwa na vichwa hapa na pale. Kwenye kila kichwa kulikuwa na kapla, kile kiungo cha upepo kisichohitaji spana. Jike liko kwenye bomba, na ndani yake mna gololi ndogo. Dume liko kwenye mpira wako. Unalisukuma dume ndani, gololi zinakaa kwenye mfuo wake, unasikia kla, na upepo unakuja.

Mzee alikuwa amechoka kununua vichwa. Watu waliviunganisha na mikono yenye mchanga, wakavuta mpira kama wanavuta ng'ombe, na vichwa vikaisha. Basi akaweka majike ya stenlesi, chuma kigumu kisichoshika kutu, na akatoa amri kwamba kila fundi aje na dume lake mwenyewe, na liwe la brasi, ile shaba ya njano. Kigumu kikisuguana na kilicho laini, kinacholika ni kile laini. "Chako kiishe, changu kibaki," alisema, na nani angembishia wakati kompresa ni yake? Mtu mwingine angeuita ubahili, lakini mafundi wakaugeuza desturi. Mwanafunzi akija, mwalimu wake anampa dume jipya la brasi, na tangu hapo hakuna anayehesabu miezi. Unafanya kazi mpaka brasi yako iishe. Kila unapochomeka na kuchomoa, gololi zinausugua ule mfuo, vumbi linasaidia, mpira nao unatikisika, na siku moja dume linalegea ndani ya jike na upepo unatoka pembeni ukipiga mluzi. Hapo ndipo tunasema brasi imelia. Mwalimu wako akiisikia, yeye na si mwingine, anaenda kugonga pipa la maji kwa spana, na karakana nzima inagonga chochote iliyonacho, mbao, ringi, debe. Umekuwa fundi, na tangu hapo Mzee hakuulizi tena dume lako ni la nini. Asipogonga, wewe bado ni mwanafunzi, hata mluzi usikike Dagoretti.

Wajanja walikuwepo. Mmoja kabla yangu alilipiga lake tupa nyumbani, akaja nalo Jumatatu likilia kama limefiwa. Barasa akaliinua juani, akacheka mpaka machozi. Tupa huacha mikwaruzo. Kazi huacha mng'aro laini, mviringo. Na ukilitazama vizuri linakuambia hata tabia ya mwenyewe, kwa maana anayevuta mpira kwa hasira, mfuo wake huliwa upande mmoja. Kila Jumamosi Mama Adhis alilichukua langu, akalizungusha polepole kwenye ncha ya kidole. "Hapa ulikuwa umekasirika," alisema, na kweli nilikuwa nimekasirika. Nilimstaajabia sana kwa kujua hayo yote bila hata kulitazama.

Mimi nilikuwa nakaa Lindi, yeye Gatwekera. Asubuhi tulikutana kituo cha Olympic, tukapanda mpaka Ngong Road, tukavuka, tukashika Naivasha Road hadi Kawangware. Alitembea akiwa amenishika mkono, nami nilidhani ni mapenzi tu. Njia nzima alifundisha. "Skiza bunduki," alisema. "Ikikohoa, vanishi ni nzito, ongeza thina. Ikipumua poa, songa nayo, usisimame mahali pamoja." Tukifika kazini alipuliza yeye, mimi nikapiga msasa, baadaye nikapuliza mimi, na yeye akauliza, "Hapo iko sawa? Haijatiririka?" Nilijibu kama mtu aliye kwenye mtihani. Mchana tulikula kwenye kibanda kilichoegemea ukuta wa karakana, githeri ya mahindi na maharagwe na kipande cha parachichi, na kila kitu kilikuwa na ladha ya vanishi kwa mbali. Mpaka leo nikila githeri isiyo na ladha hiyo naona kama imepungukiwa chumvi. Nilikuwa na furaha mwaka ule, na nasema hivyo kabla sijasema mengine.

Baridi ya Julai ilipokaza, Barasa akatangaza kwamba Krismasi ikifika anarudi Bungoma kulima, amechoka na magurudumu ya watu. Nafasi yake pale langoni ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote, kwa sababu mteja anakuona wewe kwanza. Mzee akasema ataipa mtu wa karakana ambaye brasi yake italia kabla Barasa hajafunga mizigo. Asipopatikana, ataita fundi wa nje. Mimi niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nilikuwa nimeishi kwa ndugu, nikalea watoto wa wengine, nikafua nguo za wengine kule Woodley. Sikuwahi kuwa na mahali ambapo mtu akija anauliza jina langu. Nikiwa kwenye foleni ya maji nilijiandikia kibao kichwani: Nafula, Vitanda na Kabati. Na brasi yangu ilikuwa imeshaanza kuingia kiuno. Nilijua nitafika.

Ni wakati huo ambapo Mama Adhis alinijia na kitu kilichofungwa kwenye leso. Nikafungua nikakuta dume la stenlesi, zito, linang'aa. "Brasi ni ya wanafunzi," akaniambia. "Wewe sasa unajua kazi. Leta hiyo yako nikuwekee." Nilimkumbatia pale pale, na mikono yetu ilivyojaa vanishi tukashikana nguo. Barasa, aliyekuwa ameleta kikombe cha chai, akasema, "Chanda chema huvikwa pete," lakini hakutabasamu, na Barasa asipotabasamu mtu angepaswa kujiuliza. Mimi sikujiuliza. Niliona tu kwamba stenlesi kwa stenlesi hazipendani, zinang'ang'aniana mpaka uzitilie tone la mafuta, wakati brasi huteleza yenyewe. Nikaipaka mafuta, nikaivaa kwenye mkanda kila nilipoichomoa, nikaringa nayo. Wewe unayesoma umeshaona shida iko wapi. Mimi nilikuwa nimesifiwa, na mtu aliyesifiwa hafikirii mbali.

Mvua za Oktoba zilinikuta kibandani siku moja, niko peke yangu na sahani yangu. Upande wa pili wa mabati, Barasa na Mzee Gathogo walikuwa wamejikinga mvua, wasijue niko pale.

"Sasa Mzee, hapa kwangu utapea nani?" Barasa akauliza.

"Sioni mtu. Huyo msichana wa Mama Adhis alikuwa karibu, lakini si alipewa stenlesi? Hiyo hailii hata azeeke nayo."

"Na mwenyewe hajui. Hiyo si poa, Mzee."

"Ni mwanafunzi wake, mimi siingilii. Mama Adhis hataki aende. Na wewe ukiona ni mbaya, si umwambie?"

Nilisikia mvua tu juu ya bati, kisha nikasikia viatu vyao vikiondoka kwenye matope. Nikaweka sahani chini. Nilichomoa ile stenlesi kwenye mkanda nikaitazama. Miezi yangu yote ya kazi, vitanda vyote vile, na haikuwa na alama hata moja. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mimi changu nilikuwa nimekivaa kiunoni na kukitilia mafuta. Nililia, na sikulia kidogo. Halafu nikanawa uso kwenye pipa, nikarudi kazini, nikamaliza kabati la mteja.

Kwa siku kadhaa nilipita njia yangu mwenyewe asubuhi, sikumngoja Olympic. Alifika kazini amechelewa, na mara moja alifika na mguu umechubuka, akasema ni mtaro tu. Nikauona mguu, nikaendelea kupiga msasa. Jumapili baada ya kanisa nikateremka Gatwekera. Chumba chake nakikumbuka kuliko vyumba vyote nilivyowahi kukaa: kuta za udongo zilizobandikwa karatasi za magazeti, joho lake la kwaya limening'inia juu ya kitanda likiwa safi kuliko kila kitu, jiko mlangoni, dagaa wa omena wakikaangwa na nyanya. Sikuwa nimemwambia nitakuja, lakini sahani zilikuwa mbili.

"Mama, nimekuja kuchukua brasi yangu," nikasema nikiwa bado nimesimama.

"Kula kwanza."

"Sitaki kula. Nataka brasi yangu."

"Nafula, mtu hakasiriki vizuri na njaa. Kula, alafu ukasirike."

Basi nikala. Majirani walikuwa wakigombana kuhusu redio, mtoto akaingia kuomba chumvi akatoka, na sisi tukala bila kutazamana. Tulipomaliza akasukuma sahani kando. "Macho yangu inaenda," akasema. "Tangu mwaka jana. Kitanda naona kama iko ndani ya moshi. Mimi nikikuuliza, hapo iko sawa, wewe ulidhani nakupima. Nilikuwa nauliza tu. Vanishi ikitiririka mimi sioni, ni wewe unaona." Akapangusa mikono kwenye leso, tena na tena. "Jumamosi moja nikashika brasi yako, nikaskia imebaki kidogo sana. Nikaogopa. Ukienda, nani ataniambia? Mzee akijua, hiyo turubai atapea mtu mwingine, na mimi nirudi kuuza mboga na macho gani? Hiyo ndiyo ukweli. Sina ingine."

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Kama angenidanganya ningejua la kufanya. Nilibaki na hasira yangu mkononi, sina pa kuiweka, na papo hapo nikaona ule mguu uliochubuka na nikamhurumia hadi nikaona haya. Mpaka leo siwezi kusema lipi lilikuwa kubwa zaidi, hasira au huruma. Akainama chini ya kitanda, akatoa kopo, akapapasa ndani, akanipa brasi yangu. "Chukua. Lakini usiipige tupa," akasema, na sote wawili tukacheka kidogo, kwa sababu ilikuwa ni lazima mtu acheke. Jumatatu nilimngoja Olympic. Alininyooshea mkono, nikampa wangu, tukapanda mpaka Ngong Road. Safari hii nilijua mkono ule ulikuwa wa nini, na nilimwambia kila palipokuwa na mtaro.

Nilifanya kazi miezi ile ya mwisho kama mtu anayekimbizwa, lakini mpira sikuuvuta kwa hasira hata siku moja. Desemba ikaja na oda za kabati na vumbi lake. Barasa alikuwa ameshaanza kuzifunga pasi zake za pancha kwenye gunia. Asubuhi moja nikachomeka dume langu, nikaachia mkono, na nikasikia mluzi mwembamba, unatoka pembeni, hauishi. Nikachomoa, nikapangusa, nikachomeka tena. Mluzi. Maseremala wakaacha randa. Barasa akasimama na ringi mkononi, tayari, lakini hakuna aliyeweza kugonga kabla ya mwalimu, na mwalimu alikuwa chini ya turubai lake, bunduki mkononi, kidole kimesimama. Macho yalikuwa yamemwacha, masikio hayakumwacha. Alikuwa ameisikia kabla yangu. Nilimtazama nikajua kwamba angeweza kuendelea kupuliza tu, na hakuna ambaye angemlazimisha, na mimi nisingemdai. Nilichokuwa namwomba ni kwamba ajitoe macho kwa mkono wake mwenyewe.

"Ni yako hiyo inalia?" akauliza.

"Ni yangu, Mama."

Akaitundika bunduki kwenye msumari. Akaja polepole, mkono mmoja mbele, akapita vitanda vyote bila kugusa kimoja, mpaka vidole vyake vikakuta pipa. Hakuwa na spana. Akaligonga kwa kiganja. Akasema, "Imelia vizuri, haijaliwa upande," akagonga tena, na hapo karakana nzima ikalipuka, ringi, madebe, mbao, mpaka watu wa barabarani wakachungulia langoni kuona kuna nini.

Nilipata nafasi ya langoni na kibao changu nikakitundika. Kutoka langoni hadi kwenye turubai ni urefu wa karakana nzima. Kila Mama Adhis alipomaliza kitanda aliita, "Nafula!" nami nikamwacha mteja wangu nikaenda. "Hapo iko sawa?" "Mguuni imetiririka kidogo, Mama, huu wa kushoto." Akapangusa, akarudia. Tulifanya hivyo mpaka siku aliporudi kwao, na kama Mzee Gathogo alielewa, hakusema.

Pale Lindi chai ilikuwa imepoa. "Uko na mwanafunzi?" Mama Adhis akaniuliza.

"Niko naye. Anaitwa Sharon, anatoka hapa hapa Lindi. Mkono wake ni mzuri kuliko wangu."

"Ulimpa nini?"

"Brasi."

"Na imebaki aje?"

Mkoba ulikuwa bado mapajani, na ndani yake stenlesi mpya niliyokuwa nimeshaipangia maneno: brasi ni ya wanafunzi, wewe sasa unajua kazi. Maneno yake yeye mwenyewe, neno kwa neno. "Mikono yangu imeanza kutetemeka, Mama," nikamwambia. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

"Najua," akasema. "Kikombe kimekuwa kikigonga sahani tangu ukae."

Alimwomba bintiye aniongezee chai, tukaongea habari za Siaya, nikaaga.

Leo asubuhi nilifika karakana kabla ya Sharon. Ile stenlesi mpya niliitia kwenye kopo la misumari, karibu na mwenzake. Brasi ya Sharon inalia tangu wiki jana. Mimi nilichofanya wiki nzima ni kuongeza sauti ya redio, na yeye, mtoto mwenye adabu, alinitazama kila mara, kisha akatazama chini. Alipokuja akafunga aproni, akachomeka mpira wake, na mluzi ukaanza. Mkono wake ukaenda kwenye redio, kwa mazoea.

"Auntie, niongeze?"

"Zima," nikamwambia.

Akazima. Mluzi ukabaki peke yake, mwembamba, haujaliwa upande. Nikaishika spana kwa mikono yote miwili, kwa maana mmoja hautulii siku hizi, nikaenda kwenye pipa.